Ngoma ya Mto Haifungwi Chumbani

Ndugu wasomaji, katika vitabu vyetu hivi vidogo tumezoea kuzungumza juu ya mahari, juu ya matanga, juu ya majina ya mapacha. Mara hii tunaomba ruhusa tuzungumze juu ya ukuta. Ndiyo: ukuta, plafon na bati la juu. Mutatuuliza, ukuta una neno gani na mila? Ngojeni kwanza.

Mwaka uliopita chama chetu kilikubaliana kurekodi lokole, ile ngoma ya mti isiyo na ngozi, mbele wazee wanaoijua hawajatuacha wote. Shauri hilo lilikuwa jema na tulilipigia makofi. Fedha ilikusanywa, kila mtu kwa kadiri yake. Ndipo ikasemwa kwamba kazi ifanywe "kisasa", maana yake ndani ya studio. Studio yenyewe ilikuwa chumba cha mita 4 kwa 3, katikati ya mji, kuta zimefunikwa kwa magodoro ya zamani na makaratasi ya kupangia mayai. Feni ilizimwa kwa sababu ya kelele yake. Mzee wetu, mtu wa upande wa Isangi aliyepita miaka sabini, alifika asubuhi, ngoma yake imefungwa nyuma ya toleka, vijana wawili wanaishika huku na huku isianguke.

Akapiga mara ya kwanza. Kijana wa ordinateri akaruka kama mtu aliyeumwa na siafu.

"Papa, pole pole! Mikro itakufa!"

Mzee akapiga tena, taratibu, kama mtu anayegonga mlango wa mgonjwa. Kijana akasema bado. Akamwambia asogee pembeni, halafu ageuze ngoma itazame godoro, halafu afunge fimbo kwa kitambaa. Mwishowe mzee aliweka fimbo chini, akapangusa jasho, akatuuliza sisi, siyo kijana: "Walimu, ndani ya shumba hii miye naita nani?"

Hatukuwa na jibu. Tulimbembeleza, akapiga, tukalipa, tukaondoka. Baada ya wiki moja tuliletewa CD. Tulipoisikiliza tulisikia lokole iliyo kavu kabisa kama mtu anayegonga kasha la sabuni, halafu nyuma yake unakuja mvumo mrefu, mzito, wa ajabu. Tukauliza huo mvumo umetoka wapi. Kijana akajibu kwa furaha: "Nilitia eko. Ile ya kanisa kubwa." Yaani mule ndani ya programu yake kuna orodha ya majumba, na yeye alimchagulia mzee wetu kanisa. Hata hakujua ni kanisa gani. Programu za namna ile nyingi hutengenezwa kwa kupima mvumo wa majumba ya kweli, mara nyingi ya Ulaya: watu huenda humo, hupiga mlio mfupi, hurekodi jinsi jumba linavyojibu, kisha jibu lile huwekwa kwenye ordinateri na kuuzwa. Basi mutazame safari ya ngoma hii: tumeitoa mtoni, tumeifunga katika magodoro ili isiwe na mahali popote, kisha tukaipeleka bila pasipoti katika kanisa la watu wengine. Halafu juu ya jalada tukaandika "sauti ya asili".

Wengi katika chama wanasema imetoka vizuri. Ndiyo maana tunaandika. Tusidanganyane: haikutoka vizuri, na fedha iliyobaki isitumiwe tena kwa njia ile.

Hatusemi hivyo kwa sababu ya kupenda ya zamani tu. Tulifanya jaribio dogo, kama tunavyowafundisha wanafunzi. Tulimchukulia CD ile mzee mwingine anayesikia lugha ya lokole, tukamwomba atuambie imesema nini. Alisikiliza mara tatu. Akasema: "Ni ngoma tu. Inacheza." Kisha tukamwekea sauti nyingine, ile ambayo kijana wetu mmoja aliichukua kwa telefone siku nyingine, mzee yuleyule akipiga kwenye ukingo wa mto, watoto wanapiga kelele, mbwa analia. Sauti mbaya, telefone ya bei rahisi. Yule mzee hakungoja iishe. Alicheka akasema: "Ah! Anaita bantu baje, kuna matanga." Na ndiyo, ndivyo ilivyosema.

Sasa tueleze sababu, maana hapa ndipo ukuta unapoingia.

Walokele, kama jirani zao Watopoke na Waturumbu, husema lugha ambayo sauti ya juu na sauti ya chini hugeuza maana. Neno moja la kilokele, lisaka, laweza kuwa dimbwi la maji, au ahadi, au sumu, kadiri ya toni zake. Lokole ina midomo miwili, mmoja hutoa sauti ya juu, mwingine ya chini. Ngoma haisemi silabi. Inasema toni peke yake. Na kwa sababu maneno mengi yana toni sawasawa, wazee hawapigi neno moja tupu. Hupiga msemo mrefu unaolizunguka lile neno mpaka msikiaji asiweze kukosea. Mambo hayo yaliandikwa zamani na John Carrington, mmisionari Mwingereza wa Yakusu, hapo chini kidogo ya mji wetu, aliyefika mwaka 1938, akajifunza kupiga mwenyewe, na mwaka 1949 akatoa kitabu chake juu ya ngoma zinazosema. Leo watu walio mbali wanaosoma habari za mawasiliano wanamjua Carrington na lokole yetu. Hapa Mangobo ukiuliza vijana kumi, pengine mmoja atakujibu.

Basi, ikiwa maana yote iko katika tofauti ya juu na chini, na katika mpangilio wa mapigo, kila kinachoharibu tofauti ile kinaharibu neno. Chumba kidogo kinaiharibu. Kila chumba kina sauti zake kinazozipenda, kwa kadiri ya urefu na upana wake: sauti nzito fulani hukuzwa, nyingine humezwa. Godoro na karatasi za mayai hunyonya sauti nyembamba, lakini nzito hazizinyonyi, zinapita kama samaki mdogo katika wavu wa matundu makubwa. Mdomo wa chini ukavimba, wa juu ukafifia. Kisha likaja lile kanisa la ordinateri. Mpigaji wa lokole hupiga mapigo mengi katika sekunde moja. Ukiweka mvumo wa sekunde 3 au 4 juu yake, pigo la kwanza bado linalia wakati la kumi limeshafika. La juu na la chini zinachanganyika kama pondu na wali katika sahani moja. Nani atasikia ahadi, nani atasikia sumu?

Mtoni ni namna nyingine. Ukingo uko juu, mbele ni maji, hakuna ukuta wa kurudisha kitu, na msitu ulio nyuma unarudisha kidogo kidogo, vipande vipande, bila mwangwi mmoja mkubwa. Pigo linalia, linaisha, lingine linafuata. Na wazee hawapigi saa yoyote. Mambo makubwa hupigwa alfajiri au jioni. Sisi tulipokuwa wanafunzi tulidhani ni desturi tu. Kumbe ni fizike. Mchana ardhi ina joto, hewa ya chini ni moto kuliko ya juu, na sauti inapinda kwenda mbinguni, inapotea. Alfajiri hewa iliyo juu ya maji ni baridi kuliko ile ya juu yake, na sauti inapinda kurudi chini, inatambaa juu ya mto. Ndipo ngoma inasikika hata kilometa 10. Mtu wa ng'ambo anaisikia karibu nusu dakika nyuma ya pigo, kwa kuwa sauti hutembea mita 340 hivi kwa sekunde. Sisi wa mji huu tuna ujuzi wa namna hiyo ambao hatukuutaka: wale waliokuwa hapa Juni 2000, katika zile siku sita, wanajua vizuri jinsi mto unavyobeba sauti kutoka ukingo mmoja mpaka mwingine.

Kwa hiyo mto siyo pambo la ngoma. Mto ni nusu ya ngoma. Aliyechonga lokole aliichongea mahali pale, kama vile fundi anavyochonga kasia kwa ajili ya maji, siyo kwa ajili ya mchanga.

Tunajua watakavyotujibu wale wa "kisasa". Watasema: hata wazungu hurekodi ndani. Wanafanya kazi na orkestra za watu 80, ndani ya jumba, milango imefungwa, na sahani zao zinauzwa duniani kote. Vema. Tuwafuate basi mpaka mwisho, tusiishie mlangoni.

Ukweli ni kwamba hao wanaojua kurekodi orkestra kubwa hawaifungi chumbani hata siku moja. Wanatafuta mahali, na mahali wanapalinda kama vile sisi tunavyolinda kisima. Wiener Philharmoniker ya Vienna inapiga katika jumba la Musikverein lililofunguliwa mwaka 1870, refu na jembamba kama sanduku la viatu, ambamo mvumo unakaa karibu sekunde 2 watu wakiwa wamejaa. Amsterdam wana Concertgebouw ya mwaka 1888. Mtu aliyezoea sahani za orkestra anaweza kufumba macho akakuambia hii ni Vienna, hii ni Amsterdam, na mara nyingi anachokitambua siyo violoni, ni jumba. Sauti ya vinanda vya nyuzi ikitoka inagonga kuta za pembeni na kurudi upesi sana, sikio haliitambui kama mwangwi, linaona tu kwamba sauti imenenepa na inakuzunguka. Wapigaji wenyewe wanaisikia wakati wa kupiga, na wanapiga kwa kuifuata. Mwaka baada ya mwaka jumba linawafundisha namna ya kupiga. Hapo kuna mafunzo kwetu kuliko katika vitufe vyote vya ordinateri.

Na Berlin, vita ilipobomoa jumba la orkestra yao, walikwenda wapi kurekodi? Siyo katika chumba chenye magodoro. Walikwenda katika kanisa la mtaa wa Dahlem, Jesus-Christus-Kirche, kwa sababu masikio yao yaliwaambia kwamba pale sauti inakaa vizuri, na waliendelea kurekodi pale miaka mingi. London nako walitumia Kingsway Hall, jumba la Wamethodisti, na chini yake treni ilikuwa inapita ndani ya ardhi. Katika sahani zilizorekodiwa pale, mtu mwenye sikio zuri husikia ngurumo ya treni chini ya muziki. Waliiacha! Walijua kuna treni, wakahesabu, wakaona jumba lenye treni ni bora kuliko chumba kisicho na kitu. Jumba lile limekwisha kubomolewa, lakini sahani zake zinatafutwa mpaka leo. Sasa sisi tunaogopa mbwa na watoto. Tunaogopa hata uvumi wa maporomoko ya Wagenia, ambao ndio sauti ya kwanza ya mji huu, uliokuwapo mbele ya Stanley na mbele ya jina lolote aliloliacha.

Tena wanajua kupima. Mwaka 1895, kule Marekani, chuo cha Harvard kilikuwa na darasa moja ambalo maneno ya mwalimu hayakusikika. Sauti ilikaa zaidi ya sekunde 5 kabla ya kuisha. Walimwita kijana mwalimu wa fizike, Wallace Sabine. Unajua alifanya nini? Alikwenda usiku, wakati kuna kimya, akabeba matakia ya viti kutoka jumba jingine, akayapanga darasani moja moja, akapima kila mara sauti inakaa muda gani. Usiku baada ya usiku. Kutoka pale akapata hesabu rahisi: chukua ukubwa wa nyumba kwa mita za ujazo, zidisha kwa 0.161, gawanya kwa uwezo wa kuta, vitu na watu kunyonya sauti. Kwa hesabu hiyo lilijengwa jumba la muziki la Boston, lililofunguliwa mwaka 1900.

Tumeifanya hesabu hiyo pamoja na wanafunzi wetu, na twaomba kila mwalimu aifanye. Darasa letu lina mita 8 kwa 7, kimo mita 3: mita za ujazo 168. Kuta ni simenti, juu ni bati, madawati ni machache. Likiwa tupu, uwezo wake wa kunyonya sauti hauzidi mita 12 za mraba hivi. Utapata mvumo wa sekunde 2 na robo. Mnaposhangaa kwa nini mwalimu wa darasa tupu anapiga kelele na haeleweki, jibu ni hilo. Ingiza wanafunzi 45, kila mmoja na mwili wake na nguo zake, ongeza mita 20. Mvumo unashuka mpaka chini ya sekunde 1. Watoto wetu walifurahi sana kujua kwamba wao nao ni matakia. Mmoja akasema: "Mwalimu, basi siku tukikosa, na sauti yako inapotea?" Tukamwambia ndiyo, na hiyo siyo ruhusa ya kukosa.

Hapa turudi kwa korali, kwa sababu tulirekodi na korali siku ileile na lawama yetu kwao ni ileile. Waimbaji 30 katika chumba cha ngoma! Waligawanywa: soprano kwanza, kisha alto, kila kundi peke yake na vifaa vya masikio, halafu kijana akawaunganisha. Sauti ziliunganishwa, watu hawakuunganishwa. Korali ya kwetu inajifunza kuimba kwa kusikilizana. Mwenye besi anamwachia mwenzake nafasi, mama mmoja anavuta wimbo, wengine wanamwona kwa macho. Wimbo wa korali ni wa kanisa lenye watu: ndani ya kanisa tupu utavuma kupita kiasi, na ndani ya kanisa lililojaa utakaa sawasawa. Basi warekodiwe kanisani, siku kuna waamini, mikro ziwekwe juu na mbali kidogo. Wataalamu wa kampuni ya Decca kule London, tangu mwaka 1954 hivi, walikuwa wanatundika mikro tatu tu juu ya kichwa cha kiongozi wa orkestra, na sauti ya jumba zima ikaingia. Jambo moja tu: juu ya makanisa yetu mengi kuna bati, na mvua ya Kisangani haiombi ruhusa. Mvua ikinyesha, acheni, muimbe tena baadaye. Au muiache iingie. Hatutakasirika.

Kuna wengine wanaosema, na hawa ni wa upande wetu kidogo, kwamba mambo ya mila hayana haja ya kurekodiwa vizuri, kwa kuwa wazungu waliisharekodi zamani. Wanamtaja Hugh Tracey, aliyepita huku kwetu mwaka 1952, akarekodi Watopoke, Wazande, Wabudu, Wanande, Wambuti na wengine. Ni kweli, na sahani zile zimetolewa tena, zinapatikana. Lakini musikilize alivyofanya. Alikuja na gari lenye mashine, moteri ya umeme akaiweka mbali kwa waya mrefu ili kelele yake isiingie, na yeye mwenyewe akashika mikro mkononi, akawa anatembea kati ya wapigaji, akisogea kwa huyu, akirudi kwa yule. Watu walipiga mahali walipo. Alikuwa na mawazo yake ya wakati wa ukoloni, hatumtakasi. Lakini sikio lake lilijua kwamba aliyetakiwa kusafiri ni mikro, siyo ngoma. Sisi tulio na telefone mfukoni, miaka zaidi ya 70 baadaye, tunaisafirisha ngoma juu ya toleka mpaka kwenye godoro.

Na mfano mkubwa kuliko yote uko katika barabara yetu wenyewe. Ukitoka hapa ukapita Bafwasende na Nia-Nia unafika Epulu. Pale, katika miaka ya 1950, Mwingereza Colin Turnbull aliishi na Wambuti na kurekodi nyimbo zao. Katika kitabu alichotoa mwaka 1961 alieleza habari ya molimo, ile tarumbeta kubwa ya usiku ambayo kwao ni sauti ya msitu. Alipoona molimo mojawapo ni bomba la chuma alisikitika, alitaka ya mti. Wambuti walimshangaa. Kwao kitu kilikuwa sauti, na sauti ilitakiwa itoke mbali, izunguke kati ya miti, msikiaji asijue iko upande gani. Bomba la chuma ndani ya msitu ni molimo. Molimo ya mti iliyochongwa vizuri, ndani ya chumba cha mita 4, ni bomba.

Sauti aliyoirekodi Turnbull kule Ituri, wimbo wa wasichana wa Kimbuti, iliwekwa mwaka 1977 katika sahani ya dhahabu iliyopelekwa angani na vyombo viwili vya Voyager. Katika sahani hiyohiyo kuna Beethoven, symphonie ya tano, iliyopigwa na Philharmonia ya London chini ya Otto Klemperer, orkestra ambayo miaka ile ilirekodi mengi katika Kingsway Hall. Orkestra imekwenda na jumba lake, wasichana wamekwenda na msitu wao, na hakuna aliyeona kwamba wasichana walitakiwa kwanza kupitishwa studio. Mtu asituambie tena kwamba sauti ya nje siyo ya kiwango.

Tukumbuke na ndugu zetu wa Kinshasa. Orkestra ya Kimbanguiste, iliyoanzishwa na Armand Diangienda mwaka 1994, ilianza na vyombo vichache vya kupokezana, vingine walivitengeneza wenyewe. Sinema iliyotoka mwaka 2010 iliwaonyesha wakipiga Beethoven nje, usiku, mjini, umeme unakatika. Muziki ule ulichongewa majumba ya Vienna. Nje unakuwa mwembamba, kila mpigaji anabaki peke yake, violoni lazima zitafute msaada kwa bafle. Hao kwa kweli wanahitaji jumba, na wanayo haki ya kulidai. Tunataja hilo ili musidhani kwamba tunachukia kuta. Beethoven wa nje na lokole ya chumbani wana ugonjwa mmoja.

Wala hatuchukii studio. Rumba yetu ilizaliwa kwa wingi ndani ya studio. Ngoma ya Léopoldville, tangu 1948, iliwapa majina watu tunaowaimba mpaka leo. Gitaa la umeme halina mahali, linatoka katika bafle, lipeleke unakotaka. Kijana wa ordinateri tuliyemlaumu hapo juu anafanya kazi nzuri sana na wanamuziki wa rap wa mji huu. Kosa lilikuwa letu, tuliomwomba fundi wa viatu atushonee tanga.

Tunachotaka basi ni hiki, na tutakisema katika mkutano mkuu hata tukibaki wachache. CD ile isisambazwe mashuleni. Mtoto atakayeisikia kwanza atadhani lokole ni hiyo, na atakuwa na haki ya kuona babu zake walikuwa wanagonga kasha. Fedha iliyobaki inunue kinasa sauti kimoja kizuri cha betri, kitambaa cha kuzuia upepo, na mafuta ya moteri ya mtumbwi. Na kila sauti itakayochukuliwa iandikwe pamoja na mahali pake: ukingo gani, saa ngapi, maji yalikuwa juu au chini, mikro ilikuwa umbali gani, aliyepiga alitazama wapi. Maneno hayo yataonekana ya bure leo. Atakayekuja kutafuta miaka 50 ijayo, wakati hakuna tena wa kumuuliza, atayasoma mbele ya kusikiliza.

Wametuambia kwamba wazee hawawezi kuamka saa kumi na moja ya alfajiri kwenda mtoni. Kwa hiyo tulikwenda kumuuliza mzee mwenyewe. Tulimkuta amekaa nje, ngoma iko chini ya mwembe imefunikwa kwa gunia. Alitusikiliza mpaka mwisho. Akasema yeye huamka saa kumi, hakuna wa kumwamsha. Atakuja kwa mtumbwi, hataki tena toleka. Lakini aliweka sharti moja. Ng'ambo, upande wa Lubunga, akae mtu mwenye lokole ya pili, anayejua kusema, wa kumjibu. Bila wa kumjibu hatapiga.

Mtu wa kujibu tumempata. Ngoma ya pili bado. Wanayo wengi, lakini nyingi zimepasuka mdomo mmoja, au zimegeuzwa viti. Msomaji yeyote anayejua iliko lokole nzima, ya mti mwekundu, yenye midomo miwili inayotofautiana vizuri, atuambie mbele ya maji kupanda.